Kijisitu Chetu Kinahitaji Mwenyewe

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu)



Nimepewa dakika ishirini niseme juu ya mazingira ya shule. Neno hilo ni pana mno, na mtu akilifuata lote jua litakuchwa hajasema kitu. Kwa hiyo nitasema juu ya ekari mbili na nusu tu, zile zilizo chini ya mabweni kando ya kijito, ambazo tangu enzi zetu tunaziita "msituni". Mnajua kwamba katika ajenda ya mchana limo pendekezo la kuukata msitu huo, mbao ziuzwe, na mahali pake ipandwe miparachichi, ili mapato yasaidie kumalizia bweni jipya. Mimi nasimama kulipinga. Lakini sipendi kulipinga kwa maneno matupu.

Kwanza tuwatendee haki waliolileta. Bweni linahitajika, nimeingia asubuhi nikaona vitanda vilivyosongamana. Maparachichi nayo yameleta fedha katika wilaya yetu ya Rungwe. Nyumba nyingi zimeezekwa bati kwa zao hilo, na ada nyingi zimelipwa, kama zamani zilivyolipwa kwa kahawa, chai na ndizi. Kwa hiyo pendekezo si la wapumbavu wala la wachoyo. Swali langu ni moja: je, ni lazima miparachichi iende pale pale penye msitu?

Wapo wanaosema, "Tukuyu hakukosi mvua, msitu wa nini?" Ni kweli kwamba hapa mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, nasi tuliofua mashati ya shule na kuyasubiri siku tatu yakauke hatuhitaji kuambiwa. Lakini wingi huo wa mvua ndio sababu ya kuutaka msitu. Nchi yetu ni ya miteremko. Mvua kubwa ikipiga mteremko ulio uchi, maji hukimbia na udongo, yakaingia Kiwira, Mbaka na Lufilyo, na mwisho wake ni Ziwa Nyasa. Udongo ule wa majivu ya volkano, tunaojivunia kwamba ukichomeka fimbo itachipua, haurudi tena.

Chini ya miti mambo ni mengine. Tone la mvua hupokewa na majani ya juu, likaangukia ya chini, halafu likafika kwenye majani makavu yaliyooza, laini kama godoro. Mizizi imefungua ardhi, na maji hupata nafasi ya kuzama taratibu. Maji mnayochota kijitoni mwezi wa Oktoba, wakati mvua hakuna, ni yale yaliyozama masika. Mkiuondoa msitu, mvua itanyesha vile vile, ila maji yatapita wakati hamyahitaji.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe: kwa nini msitu mdogo hudumu mahali pamoja na kutoweka mahali pengine? Wazee waliopo hapa wanajua kuliko mimi. Katika nchi hii ya Wanyakyusa vilikuwapo vijisitu vingi vya heshima. Malafyale alipozikwa, miti iliyozunguka kaburi lake haikukatwa. Kijisitu kilichojulikana kuliko vyote ni Lubaga, mahali pa Lwembe, ambako watu waliomba mvua na rutuba, na wenye kutambika walivuka milima kutoka Ukinga kuja kushiriki. Bibi Monica Wilson na mumewe Godfrey, wataalamu wa mila waliofanya utafiti huku kati ya mwaka 1934 na 1938, walikuta bado mambo hayo yanatendeka, na Bibi Wilson aliyaandika kwa kirefu katika kitabu kilichotoka mwaka 1959.

Simwambii mtu arudie matambiko. Injili ilifika Rungwe mwaka 1891 na wamisionari wa Moravian, na wengi wetu tumelelewa humo. Ninachotaka tuone ni utaratibu uliokuwapo. Kila kijisitu kilikuwa na mpaka unaojulikana, kilikuwa na miiko, na walikuwapo watu maalumu waliokitunza. Mtoto akiokota kuni pasipostahili, alijua nani atamwuliza. Dini ilipobadilika, na utemi nao ulipofutwa kisheria mwaka 1963, miti iliendelea kusimama kwa muda kwa nguvu ya mazoea, lakini mahali pengi hakuna aliyekabidhiwa zamu ya wale watunzaji. Ndipo mashoka yakaingia.

Wenzetu wa nchi nyingine wana habari kama hiyo. Pwani ya Kenya, makaya ya Wamijikenda, ambayo ni misitu midogo iliyolindwa na wazee wa kaya, yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Uingereza, nchi iliyofyeka sehemu kubwa ya misitu yake karne nyingi zilizopita, ina vijisitu vya mialoni na miti mingine ya majani mapana vilivyokuwapo tangu mwaka 1600 au kabla yake, na leo vimeorodheshwa. Mtu angedhani vilipona kwa sababu havikuguswa. La hasha. Vingi vilipona kwa sababu vilitumika kwa utaratibu. Sehemu moja ilikatwa fito na kuni, visiki vikaachwa vichipue, na mifugo ikazuiwa kwa tuta na handaki mpaka machipukizi yakomae. Kisha zamu ikahamia sehemu nyingine. Kwa hiyo wengine walilinda kwa mwiko na wengine kwa kutumia kwa zamu. Kote huko mwenye msitu alijulikana, na mpaka ulijulikana.

Msitu wetu hapa hauna mwenyewe. Shule hudhani ni wa kijiji, kijiji hudhani ni wa shule, na kila mwenye panga hudhani ni wake. Upande wa magharibi mmeona visiki vilivyokatwa karibuni. Basi hata tukilishinda pendekezo la leo, bila mwenyewe msitu utakwisha tu, polepole, bila mkutano wala ajenda.

Wanafunzi wanaweza kuuliza: ekari mbili na nusu zina nini? Nami nitawakumbusha habari za kipunji. Wawindaji na wazee wa Rungwe walimjua kima huyo na kumwita kwa jina hilo. Wataalamu, walipoyasikia maneno ya wenyeji, wakamtafuta, wakamthibitisha mwaka 2003 katika misitu ya Mlima Rungwe na Livingstone, wakamtangaza duniani mwaka 2005. Mwaka 2006 ikaonekana kwamba ni wa jenasi ya peke yake, jenasi mpya ya kwanza ya kima kutambuliwa Afrika tangu mwaka 1923, nayo ikaitwa Rungwecebus, kwa jina la mlima wetu. Sisemi kwamba kipunji atakuja kulala nyuma ya mabweni; yeye anahitaji msitu mkubwa, na ule wa Mlima Rungwe, zaidi ya hekta 13,000, una hifadhi yake ya serikali tangu mwaka 2009. Nasema kwamba maarifa yalianza kwa watu waliokijua kilichomo msituni mwao. Je, ni wangapi kati yenu mnaoweza kutaja miti kumi iliyopo pale chini?

Sheria nazo zipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuusimamia kwa sheria ndogo. Lakini mimi ni mtumishi wa serikali, na najua kwamba karatasi iliyo kabatini haimzuii mtu mwenye panga. Anayemzuia ni jirani anayejua kwamba msitu una mwenyewe.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naleta mapendekezo manne badala ya lile moja.

La kwanza, miparachichi ipandwe kwenye mteremko ulioachwa magugu nyuma ya karakana, mbali na kijito. Miche iliyobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, na kukata msitu hakutaiharakisha.

La pili, mpaka wa msitu upimwe na uwekewe alama, shule na kijiji wakiwapo na kutia sahihi. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Basi liwepo daftari. Wanafunzi wa kidato cha tatu waihesabu miti mmoja mmoja, waandike majina yake kwa Kinyakyusa kutoka kwa wazee, kwa Kiswahili, na kwa lugha ya sayansi kutoka kwa mwalimu wao wa biolojia. Kila mwaka kidato cha tatu kinachofuata kiihakiki hesabu hiyo.

La tatu, jiko la shule lipate kuni zake. Lijengwe jiko lisilokula kuni nyingi, na mikaratusi ipandwe juu, karibu na barabara, kamwe isipandwe karibu na chemchemi, kwa kuwa hunywa maji mengi.

La nne, iundwe kamati ya watu watano: wawili wa shule, wawili wa kijiji, mmoja wa chama chetu. Hao ndio watakaoulizwa.

Kuhusu fedha za bweni, tusiwaachie wanafunzi mzigo ulio wetu. Tuliohudhuria leo tuna mishahara, mashamba na maduka. Orodha ya michango itapitishwa baada ya chakula, nami nimeshaandika jina langu la kwanza kabisa, na kiasi mtakiona wenyewe.

Naomba tulipigie kura jambo hili mchana tukiwa tumekwisha kuteremka pale chini na kupaona. Ni mwendo wa dakika tano.