Amani ya Krismasi ya 1914
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Mliponialika kusema mbele yenu mlinipa ruhusa ya kuchagua jambo lo lote, mradi lisiwe la mishahara. Basi nimechagua khabari ya askari waliofanya amani bila ya amri, mwezi wa Desemba 1914, katika nchi ya Flanders, mpakani mwa Ubelgiji na Ufaransa. Inatuhusu sisi tulioishi maisha yetu kati ya amri na kalamu.

Vita vile vilianza Agosti, na wengi walidhani vitakwisha kabla ya Krismasi. Havikwisha. Baada ya mapigano makali ya Ypres, majeshi yalijichimbia mahandaki tangu pwani ya Ubelgiji hata mpaka wa Uswisi. Mahali pengine handaki la Waingereza na la Wajeremani yaliachana hatua mia tu, na pengine pungufu. Mvua ikanyesha majuma mengi. Maji yakawafika magotini, na kuta za udongo zikaporomoka. Mtu akikohoa, adui humsikia. Akikaanga nyama, adui huipata harufu. Huwezi kukaa hivyo siku nyingi usitambue ya kuwa yule wa ng'ambo naye anaona baridi.

Polepole zikazuka desturi zisizoandikwa po pote. Hapa hawakupiga bunduki wakati wa chakula cha asubuhi. Pale waliachiana nafasi ya kutengeneza handaki lililobomoka. Wakuu walijua. Tarehe 5 Desemba Jemadari Smith-Dorrien aliwaonya maafisa wake kwamba hatari kubwa ni askari kuzoea kuishi na kumwacha adui naye aishi. Wengi humcheka jemadari huyu. Mimi simcheki, kwani naona ndiye aliyeielewa khabari hii kuliko wote. Siku mbili baadaye Papa Benedikto wa 15 aliwasihi wafalme na serikali wanyamazishe bunduki japo kwa siku ya Noeli, hawakukubali.

Kwa hiyo yaliyotokea hayakuwa na idhini ya mkubwa ye yote. Msiyafananishe na yale ya Tanga, Novemba ya mwaka ule ule, maafisa wa pande mbili walipokutana chini ya bendera nyeupe kupatana juu ya majeruhi. Yale yalikuwa mapatano ya kiofisi. Haya ya Flanders yalianzwa na watu wadogo.

Usiku wa tarehe 24 mvua ilikatika, jalidi ikashuka, tope likawa gumu kama jiwe. Wajeremani walikuwa wameletewa miti midogo ya Krismasi. Wakaipanga juu ya kingo za mahandaki yao na kuwasha mishumaa. Waingereza waliona taa wakadhani ni hila. Kisha zikasikika nyimbo. Upande huu ukasikiliza, ukapiga makofi, ukajibu kwa nyimbo zake. Wajeremani wengi waliwahi kufanya kazi Uingereza, wakiwa watumishi wa mahoteli na vinyozi, wakajua Kiingereza. Wakaita gizani: njoni, nasi tutakuja, msipige.

Hapo ndipo pagumu. Nani atangulie? Atokaye kwanza hana bunduki mkononi, na mbele yake zipo bunduki mia. Mahali pengi majina ya waliotangulia hayakuandikwa, nami nasikitika, maana sijui ushujaa uupitao ule. Si wote waliosalimika: wako waliopigwa wakafa siku ile ile ya Krismasi, kwani amani haikufika kila mahali. Wafaransa na Wabelgiji walikuwa wazito zaidi, wala siwalaumu. Nchi iliyokuwa chini ya miguu ya adui ilikuwa yao.

Asubuhi watu waliposimama wazi katikati, neno la kwanza halikuwa tumbaku wala mchezo. Lilikuwa maiti. Baina ya mahandaki walikuwapo waliouawa majuma yaliyopita, ambao hakuna aliyethubutu kuwafuata. Karibu na Fleurbaix, Waskoti wa kikosi cha Gordon Highlanders na Wajeremani waliwazika pamoja wafu wa pande zote mbili, na Zaburi ya 23 ikasomwa kwa Kiingereza na kwa Kijeremani.

Baada ya mazishi ndipo wakabadilishana vifungo vya makoti, sigara, nyama ya kopo. Luteni Bairnsfather aliona askari wake mmoja, aliyekuwa kinyozi zamani, akimkata nywele Mjeremani aliyepiga magoti mbele yake kwa utulivu kabisa. Siku hizi watu hupenda kutaja mpira tu. Ulichezwa hapa na pale, lakini kinyozi yule ananishangaza zaidi. Hata askari wa Kihindi wa Garhwal Rifles, ambao Krismasi haikuwa sikukuu yao, walikutana na adui siku ile. Hukisiwa kwamba watu yapata 100,000 walishiriki.

Sasa, makarani, niulize: jambo hili liliandikwaje? Kila kikosi kilikuwa na daftari la khabari za kila siku. Wengine waliandika wazi, wengine waliandika kwamba siku ilikuwa shwari, wakafunga daftari. Nani kati yetu hajaandika neno "shwari" namna hiyo? Lakini askari walituma barua makwao, na Januari 1915 magazeti ya Uingereza yakazichapa, na picha pia. Luteni mmoja wa Saxony, Kurt Zehmisch, aliandika yake kwa hati ya mkato. Vitabu vyake vilipatikana mwaka 1999 tu.

Kuanza vita tena kulihitaji adabu yake. Huko Frelinghien, Kapteni Stockwell wa Royal Welch Fusiliers alikuwa amepewa mapipa ya bia na Wajeremani, naye akawapa maandazi ya Krismasi. Tarehe 26, saa mbili u nusu asubuhi, alipiga risasi tatu hewani, akatundika bendera iliyoandikwa salamu za Krismasi, akapanda juu ya ukingo. Kapteni wa Kijeremani akatokea na shuka iliyoandikwa asante. Wakainamiana, wakapigiana saluti, wakashuka mahandakini. Mjeremani akapiga risasi mbili hewani. Vita vikaendelea.

Mwaka uliofuata amri zilikuwa kali, na mizinga iliagizwa isinyamaze. Hata hivyo Kapteni Sir Iain Colquhoun wa Scots Guards aliruhusu watu wake wazike wafu siku ya Krismasi 1915. Alishtakiwa mbele ya baraza la kijeshi, akaonekana na hatia. Adhabu yake ilikuwa kukaripiwa, na hata hiyo ilifutwa.

Nimekoma hapo, Bwana Mwenyekiti. Wenye maswali na waulize.