Kumfundisha Mtoto Kupanda Baiskeli

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo lionekanalo dogo, nalo si dogo: namna ya kumfundisha mtoto kupanda baiskeli ya magurudumu mawili, pasipo vigurudumu vya kumtegemeza pembeni.

Hapa Karema, kandokando ya Ziwa Tanganyika, baiskeli si kitu cha mchezo. Ndiyo ichukuayo mahindi mashineni, na ndiyo impelekayo mgonjwa zahanati. Kwa hiyo baba mwenye baiskeli moja humkataza mtoto asiiguse. Lakini baba akilala adhuhuri, mtoto huitwaa kwa siri, akapenyeza mguu chini ya bomba la juu, akaenda amejipinda upande mmoja. Akianguka, goti huchubuka na usukani hupinda, naye huficha yote mawili, hata kidonda kikatunga usaha. Basi ni afadhali afundishwe mchana, mbele ya wazazi wake.

Mwaka 1817, huko Mannheim, Ujerumani, Karl Drais alitengeneza chombo cha magurudumu mawili kisicho na pedali. Mpandaji alijisukuma kwa miguu yake. Baiskeli ya namna tuijuayo, yenye mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, ilitolewa na John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, mwaka 1885. Ndio mwaka uleule ambao Mapadre Weupe walikabidhiwa boma la Karema, lililoanzwa na Wabelgiji mwaka 1879. Hivyo watu walijua kusawazisha mwili kabla ya kukanyaga pedali. Mtoto naye na afuate utaratibu huo.

Kwanza, tafuteni baiskeli ndogo, hata ya kuazima, mkashushe kiti mpaka nyayo zote mbili za mtoto zikanyage chini. Pili, ondoeni pedali. Angalieni: ile ya kuume hufunguliwa kwa kuzungusha spana upande wa kushoto, bali ile ya kushoto hufunguliwa kinyume chake. Wengi huharibu nyuzi zake kwa kutojua hayo. Tatu, chagueni uwanja mgumu wenye mteremko mdogo, mbali na magari. Mtoto ajisukume kwa miguu, kisha aiinue kidogo kidogo na kuiacha baiskeli iteremke. Akiweza kwenda hatua nyingi bila kugusa chini, na akijua kushika breki, rudisheni pedali.

Mfundisheni pia sababu yake. Baiskeli ikiinama kushoto, na auelekeze usukani kushoto kidogo. Ndipo magurudumu yanapokwenda chini ya uzito wake, baiskeli ikainuka. Vigurudumu vya pembeni huizuia isiiname, kwa hiyo mtoto hajifunzi jambo hilo. Macho yake yatazame mbele, wala si gurudumu.

Mshikeni mabegani, wala msishike usukani. Tena msimwambie kwamba mngali mmemshika, hali mmekwisha kumwachia. Akigeuka akawaona mko mbali, ataanguka, na kesho hataliamini neno lenu. Mwambieni, "Sasa twakuachia," kisha mwachieni.

Twajua wako wasemao kwamba baiskeli haimfai mtoto wa kike. Twawauliza: je, njia ya shule ni fupi kwake kuliko kwa kaka yake? Mama akiugua usiku, na nyumbani hamna ila binti, ni nani atakayekwenda kumwita mganga? Samaki mkunje angali mbichi. Wafundisheni wote wawili.

Mwisho, kabla ya kumtoa barabarani, hakikisheni kwamba breki zashika, kengele yalia, naye ajua kufuata upande wa kushoto.