Joto la Mjini na Watu Wetu Walio Huko

Maelezo kwa wakaazi wa Buyangu



Hapa Buyangu, kando ya Msitu wa Kakamega, mtu akizidiwa na jua huingia chini ya mti. Lakini ni nadra kupata boma lisilo na mtu wake mjini: kijana wa boda boda Kakamega, binti aliyepanga chumba Kibera, au nyanya aliyekwenda kukaa na mwanawe ili awe karibu na kliniki ya presha. Maelezo haya yanawahusu hao.

Chumba cha mabati kisicho na dari hupata moto mchana kutwa, na nyumba zikisongamana joto halitoki upesi hata usiku. Watafiti waliopima hewa Kibera, Mathare na Mukuru walikuta joto huko limezidi lile la kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti. Kwa hivyo nambari inayosomwa redioni siyo joto alilo nalo nyanya chumbani. Usiku ndio wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu mwili usipopoa, moyo haupumziki.

Mwaka wa 2003, joto la Agosti liliua watu wapatao 15,000 nchini Ufaransa, wengi wao wazee, na wengi waliishi peke yao. Hiyo ni nchi tajiri, yenye hospitali kila upande. Hapa karibu, Sudan Kusini ilifunga shule Machi 2024 joto lilipotarajiwa kufika nyuzi 45. Kakamega haijafika huko, lakini mwili uliozoea baridi ya msitu hushtuka mapema.

Mzee hahisi kiu upesi, basi apewe maji kabla ya kuomba. Baadhi ya dawa za presha hutoa maji mwilini kwa mkojo. Asiziache mwenyewe, amuulize daktari. Mtoto wa chini ya miezi sita anyonyeshwe mara nyingi zaidi, asipewe maji. Na zile blanketi mbili anazofungwa saa saba mchana, jamani, zitolewe.

Mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akaanguka au kutikisika kama mwenye kifafa huku mwili unawaka, hiyo si homa ya kungojea panadol. Atolewe juani, alegezwe nguo, amwagiwe maji na kupepewa huku gari au pikipiki ya kumpeleka hospitali ikitafutwa. Akiwa amezimia, asinyweshwe chochote.

Wanaopiga simu mjini jioni wasiishie kwenye salamu na pesa za matumizi. Waulize nyanya amekunywa vikombe vingapi leo, mkojo wake una rangi gani, na chumba anacholala kinapitisha hewa? Kama anashinda peke yake, mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa huo aambiwe, ili ampitie mchana jua likiwa kali.