Rufani ya Askari Mlemavu: Wajibu wa Mtumishi na Mwalimu



Kila ifikapo tarehe 25 Julai, Taifa huwakumbuka mashujaa wake. Mashada ya maua huwekwa, tarumbeta hupigwa, na waliolala Naliendele na Kaboya hutajwa kwa heshima. Hilo ni jambo jema. Lakini wapo mashujaa ambao hawakulala makaburini. Walirudi vijijini na mguu mmoja, au na sikio lisilosikia, au na kipande cha chuma mgongoni. Hawa hawadai maua. Wanadai fidia ya viungo vyao, na pengine dai hilo hukataliwa kwa barua ya mistari minne.

Mazungumzo haya yanahusu barua hiyo, na kazi inayomngojea kila mwenye kalamu siku inapofika kijijini.

Mkoa wa Ruvuma si mgeni wa vita. Mwezi Novemba 1917 jeshi la Wajerumani lilivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji, likiwa na askari na wapagazi wa Kiafrika. Katika Vita Kuu ya Pili vijana wa Tanganyika walipelekwa Uhabeshi, Madagaska na Burma chini ya bendera ya KAR. Wakati FRELIMO ilipopigana na Wareno, kuanzia 1964 hadi 1974, mto huu ndio uliotenganisha nchi huru na nchi iliyokuwa vitani. Kisha ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, ambapo wanamgambo kwa maelfu waliingia katika safu za Jeshi la Wananchi. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1978 leo ni mzee aliyepita miaka 65. Jeraha alilolivumilia ujanani sasa limemlemea. Basi isishangaze kwamba anadai leo kile ambacho hakukidai jana.

Jambo la kwanza la kufahamu ni hili: dai linapokataliwa, mara nyingi kinachokataliwa si jeraha, bali ni karatasi. Ofisa aliye mbali hauoni mguu uliokatika. Anaona jalada, na kama jalada ni tupu, jibu lake nalo litakuwa tupu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Historia ya nchi hii inayo funzo juu ya jambo hilo. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wazee wa Kiafrika waliotumikia jeshi la Wajerumani hadi 1918. Yasimuliwa kwamba wazee walipokusanyika Mwanza, ni wachache tu waliokuwa na vyeti. Ndipo mlipaji alipompa kila mzee ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la silaha. Miaka karibu 50 ilikuwa imepita, lakini hakuna aliyeshindwa. Karatasi zilikuwa zimepotea. Ukweli ulikuwa haujapotea. Aliyetaka kuutafuta aliupata.

Mataifa mengine nayo yamelazimika kukubali kwamba askari asiadhibiwe kwa upungufu wa karatasi. Uingereza, mwaka 1943, katikati ya vita, iliunda mabaraza ya rufani za pensheni na kuuondoa mzigo wa kuthibitisha mabegani mwa askari. Marekani, moto wa Julai 1973 katika mji wa St. Louis uliteketeza majalada ya askari yanayokadiriwa kuwa kati ya milioni 16 na 18. Tangu hapo ushahidi wa namna nyingine, yakiwemo maelezo ya askari wenzao, umetumika kuziba pengo la majalada yale.

Katika Tanzania msingi umewekwa na Katiba yenyewe. Ibara ya 13(6)(a) inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine, na pia haki ya kukata rufani au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Kwa hiyo mzee anayekata rufani si mkorofi, wala si mwombaji wa sadaka. Anatumia haki aliyopewa na sheria kuu ya nchi yake.

Chukulieni mfano wa mzee anayeingia ofisi ya kijiji akiwa na barua mkononi. Afanyiwe nini?

Kwanza, barua isomwe hadi mwisho, na sababu ya kukataliwa ipigiwe mstari. Kama haikutaja sababu, aandikiwe barua ya kuiomba kwa maandishi. Tarehe ya kupokea barua iandikwe juu yake siku hiyo hiyo, kwa maana muda wa rufani hauwasubiri wazee.

Pili, rufani ijibu sababu iliyotolewa, wala si nyingine. Kama imesemwa kwamba utumishi wake haujulikani, zikusanywe namba yake ya jeshi, jina la kikosi, miaka, picha, cheti cha kuachishwa, na majina ya wenzake walio hai. Wenzake hao waape mbele ya hakimu au wakili kueleza walichokiona kwa macho yao. Kama imesemwa kwamba ulemavu hautokani na utumishi, maelezo ya kuhuzunisha hayatoshi. Inatakiwa taarifa ya daktari yenye kueleza mambo matatu: ulemavu wenyewe, chanzo chake, na kwa nini daktari anaona chanzo hicho kinalingana na yaliyompata vitani. Mbesa inayo hospitali. Daktari aulizwe swali hilo waziwazi, asiachwe kuandika tu kwamba mgonjwa anachechemea.

Tatu, kila karatasi iwe na nakala, na kila barua ipelekwe kwa njia yenye saini ya mpokeaji.

Nne, ngazi zifuatwe. Kwanza ni ofisi iliyotoa uamuzi, ipewe nafasi ya kuupitia upya. Kisha mamlaka iliyo juu yake. Ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyorithi kazi ya Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya vyombo vya umma. Na ipo Mahakama Kuu, yenye masjala yake Songea, inayoweza kuombwa kuupitia uamuzi usiofuata sheria. Lakini ombi la kibali lazima lifike ndani ya miezi sita tangu uamuzi kutolewa. Mtumishi anayemwambia mzee "njoo mwezi ujao" mara sita amekwisha kuifunga njia hiyo, hata kama hakukusudia.

Tahadhari mbili zinafaa. Wapo matapeli wanaojitokeza wakidai wanamjua mkubwa fulani, na kumla mzee fedha zake kabla hajapata chochote. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Hao ndio wa kuendewa. Pili, kusitiwe chumvi. Kiapo kimoja cha uongo huwatia shaka wakweli kumi watakaofuata.

Ndugu walimu na watumishi, kuandika barua hii ni kazi ya jioni moja, labda mbili. Kwa mwenye elimu ni kazi ndogo. Kwa mzee asiyejua lugha ya maofisi ni tofauti kati ya kula na kulala njaa. Hakusomea kuandika madai. Kazi aliyotumwa aliifanya, tena kwa viungo vya mwili wake. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na barua ya kukataa si mwisho wa haki. Lakini mhunzi aliyepoteza mkono anahitaji mwenzake wa kumshikia koleo jipya.

Basi mzee huyo atakapobisha hodi, apewe kiti, barua yake ipokewe, na kazi ianze siku hiyo.