Redio ya Volti 12 katika Lori la Volti 24



Nimepewa wasaa mfupi wa kunena juu ya kazi ambayo aghalabu huachiwa mwanafunzi wa gereji, yaani kufunga redio ya dukani katika lori la zamani. Nami sitakawia kusema kwamba kazi hiyo, ijapokuwa hudhaniwa kuwa ya anasa tu, huua betri nyingi, kwa sababu mfungaji huitazama redio asilitazame lori.

Malori makubwa tuliyozoea kuyatengeneza, kama vile Isuzu, Fuso na Scania, aghalabu hutumia umeme wa volti 24, upatikanao kwa betri 2 za volti 12 zilizofuatanishwa, chanya ya moja ikafungwa kwa hasi ya nyingine. Ilhali redio zilizojaa madukani zimeundwa kwa volti 12 za gari dogo. Hapo ndipo hila ya mkato inapoingia. Fundi huchukua waya kutoka kwenye kiungo kilicho kati ya betri mbili hizo, akaupeleka kwenye redio, redio ikaimba, dereva akafurahi, ujira ukalipwa.

Natutazame yatokeayo baadaye. Betri iliyofungwa ethi kwenye chasisi ndiyo peke yake iilishayo redio, na mwenziwe haidaiwi kitu. Altaneta nayo haijui kuzibagua, hutoa volti zipatazo 28 kwa zote pamoja, na mkondo ule ule hupita katika zote mbili. Iliyo dhaifu hubaki na njaa, pengine katika volti 13, na iliyokwisha kushiba hulazimishwa kupokea 15 hata ikachemka. Fungueni vifuniko baada ya miezi kadhaa: katika moja mtakuta maji yameshuka hata bamba zimejitokeza, na vichwa vimefanya unga mweupe, katika ya pili maji yamo, bali bamba zimeshika salfeti isiyotoka tena kwa kuchajiwa. Mwenye gari huambiwa kwamba betri zilikuwa feki, akanunua jozi mpya, na waya ule ule ukarejeshwa pale pale.

Wapo pia watiao rezista njiani, wakadhani wamesalimika. Rezista hupunguza volti kwa kadiri ya mkondo upitao: redio ikipiga kwa nguvu hupunguza nyingi, na redio ikizimwa, ikabaki kuilisha saa yake tu kwa mkondo hafifu mno, haipunguzi kitu cha kutajwa, na volti 24 huingia karibu nzima.

Dawa ni konveta ya kushusha volti 24 kuwa 12, ifungwe penye bati ipate kupoa, na fyuzi iwe jirani na betri, wala si nyuma ya dashibodi. Kwani waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna mlinzi, nao ukichunika kwenye ukingo wa chasisi, kabini huwaka. Kwa konveta hiyo, redio ivutayo ampea 10 huvuta kama 6 tu upande wa betri. Rangi za waya mnazijua: manjano wa kumbukumbu, mwekundu wa ufunguo, mweusi wa ethi. Kwa lori ninaona ni bora manjano na mwekundu ziunganishwe nyuma ya swichi. Dereva atapoteza saa na stesheni alizohifadhi, lakini alfajiri injini itawaka.

Kuna jambo la spika. Katika malori ya zamani spika aghalabu ilikuwa na waya mmoja, na umeme ukirejea kupitia bodi, ilhali katika redio za leo nyaya zote mbili za spika zina umeme. Ukiugusisha na bodi ule wenye mstari mweusi, saketi ya kukuza sauti yaweza kuungua papo hapo. Kwa hiyo sharti kila spika ipelekewe nyaya mbili mpya.

Bei ya konveta ni ndogo mbele ya bei ya betri 2 za lori. Mteja akiikataa, basi tusimfungie redio.