Maji ya Akiba Katika Nyika ya Australia

(Mazungumzo yetu mbele ya vikundi vya kujisaidia)

Mmetuomba mara nyingi tuwasimulie ile safari ya Australia, nasi tumekuwa tukisema kesho, kesho. Leo mmetunasa.

Binti yetu ni muuguzi kule Adelaide, mji wa kusini. Mwaka 2023 alituita sisi wazee wawili, na Julai shule zilipofungwa, yeye na mkwe wetu wakasema watatupeleka bara kabisa pamoja na wajukuu wawili. Gari lilivuta trela. Si trela la kubebea mahindi. Hili ni kama sanduku kubwa la magurudumu mawili: ukilifungua, hema linainuka na vitanda vimo ndani, jiko linavutwa ubavuni kama droo, na chini limefungwa tangi la maji la lita 80. Tulilisifu sana siku ya kwanza.

Barabara kuu ya Stuart inatoka Port Augusta hadi Darwin kule kaskazini, zaidi ya kilomita 2,700, karibu mara tatu ya Mombasa hadi Malaba. Yote ni lami. Wanaendesha kushoto kama sisi, lakini malori yao, lo! Lori moja linavuta trela tatu, urefu wa mita 53. Likikupita, shika usukani vizuri. Na kama mnadhani Julai ni joto huko, mmekosea. Ni baridi yao. Usiku tulilala na sweta mbili.

Tulifika Coober Pedy, mji wa wachimba mawe ya thamani yaitwayo opali, yaliyogunduliwa hapo mwaka 1915. Wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 40, kwa hiyo watu wengi wamechimba nyumba ndani ya kilima, hata makanisa. Tuliingia moja. Hakuna dirisha, lakini hewa ni ya kupendeza. Maji yao ni ya kisima kilicho mbali na mji, tena ni lazima yatolewe chumvi kwa mashine kabla ya kunywewa. Mtu wa huko hamwagi maji ovyo.

Kutoka hapo tuliacha lami kuelekea William Creek, kilomita kama 165 za changarawe, ili tukaone ziwa kubwa la chumvi. Asubuhi hiyo mmoja wetu (ni huyu mwenye kitambaa kichwani, mnamjua) alijaza mtungi wa lita 20 akauweka ndani ya gari, miguuni. Mkwe akacheka: “Mama, tuna tangi.” Mama akanyamaza, na mtungi ukabaki.

Barabara ilikuwa na migongo kama bati. Tulivuka ule ua wa kuzuia mbwa mwitu wasile kondoo, ambao urefu wake unazidi kilomita 5,000, tukaingia katika shamba la ng'ombe linalohesabiwa kuwa kubwa kupita yote duniani. Hatukuona ng'ombe hata mmoja. Mara tukasikia harufu ya kuungua. Gurudumu la trela lilikuwa limelala upande, beringi imekwisha. Mkwe alikuwa na beringi ya akiba, lakini ile ya zamani ilikuwa imeshikana na chuma, hatoki. Watoto wakaomba maji. Tukafungua bomba la tangi: kavu! Kumbe jiwe lilikuwa limepasua tangi chini, na lita 80 tulikuwa tumezimwaga njiani bila kujua.

Simu haikuwa na mtandao, na redio ya gari haikupata mtu. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mkwe alitaka kurudi kwa miguu hadi mahali tulipoona bango la njia ya kuelekea nyumba fulani, pengine kilomita 30. Binti akakataa, akasimama mbele yake kabisa. Kule kila mtu anafundishwa kwamba gari likiharibika usiliache, maana gari linaonekana kutoka angani lakini mtu mmoja nyikani haonekani, na wengi waliokufa huko walikutwa mbali na gari zao. Sisi wazee tulinyamaza. Kusema kweli tuliogopa. Mama akatoa kikombe kimoja, akagawa maji ya mtungi kwa zamu, watoto kwanza.

Tulilala hapo hapo. Asubuhi wakaja wafanyakazi wawili wa shamba na lori dogo. Kwa nyundo na grisi walimaliza kazi kwa saa moja, wakatujazia mtungi na kukataa pesa.

Jioni hiyo tukauliza: mtu akiugua huku, inakuwaje? Binti akatueleza habari ambayo tungependa wahudumu wetu wa afya waisikie. Mchungaji mmoja, John Flynn, alihangaika miaka mingi kutafuta pesa, na mwaka 1928 ndege ya kwanza ya daktari ikaruka kutoka Cloncurry. Lakini utamwitaje daktari bila simu? Fundi Alfred Traeger akatengeneza redio inayopata umeme kwa kukanyaga pedali, kama baiskeli. Mama wa shambani anakanyaga huku anaongea. Tangu 1942 kukawa na masanduku ya dawa zilizoandikwa namba. Daktari anasema redioni, mpe namba fulani, na hata asiyesoma majina ya dawa hakosei. Huduma hiyo ingali inaruka.

Baadaye tulifika Uluru, lile jiwe jekundu la mita 348, mali ya Waanangu, ambao serikali iliwarudishia ardhi yao mwaka 1985. Kulipanda kulikatazwa 2019, kwa kuwa ni mahali patakatifu kwao. Tulizunguka chini polepole, magoti yenyewe mnayajua.

Mkwe alinunua tangi lingine na kulikinga chini kwa bamba la chuma. Juu ya hayo, sasa anabeba mitungi minne ndani ya gari, na hajamwambia mama sababu. Haya, chai iko tayari. Maswali tutayajibu huko huko mezani.