Mwanafunzi Wetu Aliye Ng'ambo na Wajibu Wetu Kwake



Tunashukuru kupewa nafasi hii ili tuseme machache juu ya vijana wetu wanaokwenda kusoma katika miji ya Ulaya. Mtunza Hazina amekwisha kuwasomea hesabu za fedha. Sisi twataka kunena juu ya jambo lisiloandikwa katika daftari lake.

Mfano hauko mbali. Tom Mboya, ambaye wazee wake walikuwa watu wa Kisiwa cha Rusinga, aliacha masomo ya Mang'u kwa kukosa karo. Akajifunza kazi ya ukaguzi wa afya katika Jeanes School, Kabete, kisha akaajiriwa na Baraza la Mji wa Nairobi. Mwaka 1953 akawa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1955, Hali ya Hatari ingali ikiendelea, akaenda kusoma katika Ruskin College, mjini Oxford. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya watu wa kazi, ambao hawakupata nafasi ya kusoma sana ujanani.

Alikaa huko muda wa mwaka mmoja tu, wala hakurudi na digrii. Walakini mwaka 1956 kijitabu chake juu ya mambo ya Kenya kilipigwa chapa Uingereza, na mwezi wa Machi 1957 alichaguliwa mjini Nairobi kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Baadaye alieleza kwamba mwaka ule wa Oxford ulimpa nafasi ya kusoma vitabu, ukamzidishia kujiamini. Mwaka 1959, kwa juhudi zake na za wenzake wa Kenya na wa Marekani, ndege ya kwanza iliwachukua wanafunzi 81 kwenda Marekani. Yeye aliyekosa karo aliwatafutia wengine njia.

Twalitaja jambo hili kwa sababu kijana arudipo, wengi wetu huuliza kwanza amepata karatasi gani. Ni heri kuuliza amejifunza nini, na elimu yake itamfaa nani.

Ndugu, namna tunavyowapeleka vijana twaijua sote. Mvuvi wa Mbita huuza mtumbwi, mkulima wa miwa wa Awendo hukopa kwa kutegemea mavuno, ng'ombe hutolewa zizini, harambee hufanywa. Kijana akiisha kuondoka, twanyamaza. Na mwaka haujaisha, twaanza kumdai atuletee fedha. Huko aliko, mwezi wa Desemba jua huchwa saa kumi alasiri. Kodi ya chumba haingoji. Nchini Uingereza, mwanafunzi mgeni wa chuo kikuu kwa kawaida haruhusiwi kufanya kazi kupita saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Shida zake hazisemi, kwa kuwa awakumbuka ng'ombe waliouzwa.

Vyama kama hiki chetu vimesifiwa tangu zamani kwa kuzika. Mtu wetu akifa ugenini, twachanga usiku ule ule ili mwili urudi nyumbani. Desturi hiyo ni njema, wala hatutaiacha. Lakini kwa nini mkono ulio mwepesi kumchangia maiti uwe mzito kumchangia aliye hai, ambaye amebakiwa na muhula mmoja tu?

Kwa hiyo twaomba mkutano huu uyafikirie mambo matatu. Kwanza, sehemu ya michango ya kila mwaka iwekwe kando kwa ajili ya wanafunzi wanaopatwa na taabu ya ghafula. Pili, kila mwanafunzi apewe mwanachama mmoja wa kumwandikia, na barua ya kwanza imwulize hali yake. Tatu, jamaa wasimdai kitu mpaka amalize masomo. Naye kwa upande wake atuletee habari za kweli kila muhula, hata ikiwa ameshindwa katika mtihani; na sisi tuipokee habari hiyo bila matusi.

Mkono mmoja haulei mwana. Tuliyoyaomba si makubwa kuliko mliyokwisha kuyatenda, na twawaachia ninyi mkate shauri leo kabla hatujaachana.